Tumuulize Mtoto Kabla ya Kumnyang'anya Simu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Serikali iliamuru shule za awali, msingi na sekondari zifungwe. Kidato cha sita walirejea Juni 1, na wengine wote wakasubiri hadi Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu, watoto wa mji wa Babati, kama wenzao nchini kote, walibaki nyumbani. Wazazi hawakufungiwa ndani. Mwenye duka kando ya barabara ya Arusha na Dodoma na mvuvi wa Ziwa Babati walitoka asubuhi kutafuta riziki kama kawaida.

Katika nyumba zilizokuwa na simu ya intaneti, simu ndiyo iliyoachwa kuwa mlezi. Nia ilikuwa njema: mtoto asome, au walau atulie. Shule zikafunguliwa, lakini katika baadhi ya nyumba simu haikurudi mkononi mwa mwenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka ule, leo ni kijana.

Tujiulize mtoto alikuwa akitafuta nini humo. Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga lile, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Mtoto naye alisikia habari za vifo, akatengana na rafiki na mwalimu wake, wala hakuwa na maneno ya kuyaeleza hayo. Huzuni humpeleka kwenye simu, simu ikamnyima usingizi, na kukosa usingizi kukamfanya mkali na mzito wa masomo. Akishindwa masomo huzuni huzidi, naye hurudi kwenye simu ile ile.

Si kila mtoto apendaye simu ni mgonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika hilo, iliyoanza kutumika Januari 2022, inautaja uraibu wa michezo ya kielektroniki kwa dalili tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea nao hata unapoleta madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua mwaka mzima.

Wazazi wengi hukimbilia kunyang'anya na kuchapa. Hapo moshi umeondolewa, moto umebaki. Tutazame mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Amepokea Abu Daud kuwa Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na kindege akichezacho, kikafa. Mtume (S.A.W.) alipoingia akamwona mtoto ana huzuni, akauliza ana nini; alipoambiwa, akazungumza na mtoto mwenyewe kuhusu kindege chake. Kiongozi wa umma hakuidharau huzuni ya mtoto mdogo.

Basi tuanzie hapo. Baada ya Maghribi tukae na watoto, tuwaulize wanazungumza na nani mtandaoni na wameona nini kilichowatisha. Anayesema kweli asiadhibiwe kwa kusema, kwani siku atakapotishwa na mtu asiyemjua, atatuficha. Baada ya Isha simu zote zilale chumbani kwa wazazi, na mzazi asiwe anaperuzi yake huku akimkataza mwanawe.

Mtoto akiacha kula, akijitenga, au akisema heri asingezaliwa, tusingoje. Sonona ni maradhi, si upungufu wa imani. Dua na daktari havipingani. Apelekwe hospitali, aonwe na afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Mji, au ipigwe bure namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa alichokichunga. Mwenyezi Mungu atupe masikio ya kuwasikiliza watoto wetu kabla hawajanyamaza. Amin.