Kabla ya kubonyeza F1, soma kwanza kompyuta inakuambia nini

UMEFIKA kazini asubuhi, umewasha kompyuta ya mezani, na badala ya picha uliyoizoea skrini imebaki nyeusi na mistari miwili ya maandishi meupe. Chini kabisa imeandikwa "Press F1 to continue". Unafanya nini?

Kama wewe ni kama wengi wetu, unabonyeza F1. Mashine inawaka, kazi inaendelea, na kesho asubuhi unabonyeza tena.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Baada ya kumaliza shule ya upili nilikaa miezi kadhaa nikisimamia saiba ya shangazi, chumba kidogo chenye mashine nne na printa moja. Mashine ya pembeni, ambayo ndiyo iliyohifadhi kazi za wateja, ililalamika kila asubuhi kwamba saa yake imepotea. Binamu yangu aliyeniachia zamu aliniambia, "Hiyo bonyeza F1 tu, huwa iko hivyo." Nikabonyeza miezi mitatu.

Siku moja maandishi yakabadilika. Sikuyasoma, maana kidole kilikuwa kimeshafika. Wiki mbili baadaye mashine ilianza kujikokota, na fundi alipoiwasha mbele yangu ujumbe ulikuwa bado uko pale: diski inakaribia kufa. Ilikufa siku hiyo hiyo. Ikaenda na sivii za watu, barua za kanisa na mradi wa somo la kompyuta wa mwanafunzi wa kidato cha nne aliyebakisha siku chache kuuwasilisha.

Kwa hivyo wacha nikueleze nilichopaswa kujua wakati huo.

Kila unapobonyeza swichi, kabla Windows haijaamka, kompyuta hujipima yenyewe. Programu ndogo iliyo kwenye bodi kuu, inayoitwa BIOS (au UEFI kwa mashine mpya), hukagua RAM, kibodi, feni, diski na saa. Ukaguzi huo huitwa POST na umekuwepo tangu enzi za IBM PC ya mwaka 1981. Ikipata kasoro, hukuandikia. Kwa hiyo F1 haitibu chochote. Ni kama kumwambia daktari, "Nimesikia, wacha niende zangu."

Jambo la kwanza, toa simu upige picha skrini. Ikiwa maandishi yanapita haraka, rekodi video kisha uisimamishe. Neno kwa neno, pamoja na nambari iliyo mbele, kwa sababu nambari hiyo ndiyo utakayoitafuta mtandaoni pamoja na jina la mashine yako.

Ujumbe utakaokutana nao zaidi, hasa kwa zile mashine za mitumba tunazoziita ex-UK, ni wa saa. Dell huandika "Time-of-day not set", HP huandika "163-Time & Date Not Set", na nyingine "CMOS checksum error". Zote zinakuelekeza kwenye betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo kwenye bodi, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye vidude vingi vidogo, na wauza saa huwa nayo.

Betri hiyo hutunza saa wakati mashine haina stima kabisa. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, betri haitumiki sana. Sasa fikiria mashine iliyokaa ghalani muda mrefu kabla ya kufika kwako, na wewe mwenyewe unazima swichi ya ukutani kila jioni. Lazima ichoke.

Na usidhani ni jambo dogo. Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa, tovuti zinaanza kukataa kufunguka, maana vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mteja anataka kuingia eCitizen, kivinjari kinamwambia mawasiliano si salama, naye anatoka akisema saiba yenu haina intaneti. Kumbe ni betri.

Kabla ya kuibadilisha, ingia kwenye mipangilio (F2 kwa Dell, F10 kwa HP) upige picha kurasa zake, hasa ile inayoonyesha namna diski inavyoendeshwa. Mipangilio hiyo ikipotea, mashine hurudi ilivyotoka kiwandani na Windows inaweza kugoma kuwaka. Ukishaweka betri mpya, rekebisha tarehe, linganisha na picha zako, hifadhi.

Hapo nimekwambia ufungue mashine, basi sikiza. Chomoa waya wa stima kwanza. Bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Na lile sanduku la chuma linalopokea stima kutoka ukutani usilifungue kabisa, hata kama umelichomoa. Huhifadhi umeme unaoweza kukuumiza.

Ujumbe wa feni nao usiuruke. Dell huandika "Alert! Previous fan failure", HP huandika nambari 511 feni ya prosesa isipoonekana. Kwetu mara nyingi ni vumbi, na ukikaa karibu na barabara ya murram unajua ninachosema. Shika feni isizunguke, safisha kwa brashi laini, hakikisha waya wake umeingia vizuri. Mashine inayozimika ghafla katikati ya kazi huenda inajiokoa na joto.

Kuna wakati skrini haionyeshi kitu chochote ila unasikia milio. Ihesabu. Kila kampuni ina lugha yake, hivyo usikariri ya jirani. Kwenye HP Compaq nyingi za zamani, milio mitano pamoja na taa nyekundu inayomwekamweka mara tano humaanisha RAM. Itoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, irudishe hadi vishikizo vyake vifunge vyenyewe. Ukiwa na mbili, jaribu moja moja.

(Ujumbe unaonichekesha hadi leo ni ule unaosema kibodi haipo, kisha unakuamuru ubonyeze F1. Chomoa kibodi, uichomeke tundu lingine.)

Ukishindwa, mwone fundi, lakini usiende ukisema "CPU imekufa". Wengi wetu huita kasha lote CPU, ilhali CPU ni prosesa, na prosesa ni nadra sana kufa. Ukienda na sentensi hiyo umempa fundi kazi ya kubahatisha, na akibahatisha "bodi imeungua" wewe ndiwe utakayelipa. Mwonyeshe picha. Muulize ujumbe huu unamaanisha nini, na akisema kifaa fulani kimekufa, mwombe akuonyeshe mashine ikiwaka na kingine mahali pake. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa.

Nimeacha diski mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Ukiona "No bootable device", usiogope upesi. Angalia kama kuna flashi uliyoisahau kwenye tundu la USB. Itoe, uwashe upya. Kama si hivyo, zima, fungua, chomoa na uchomeke kebo mbili za diski. Kebo hulegea, hasa mashine ikihamishwa. Ila ukisikia diski ikigonga tik-tik-tik, zima mara moja. Kila dakika unayoiacha ikizunguka inaweza kukuharibia zaidi.

Tofauti kabisa ni ujumbe wenye neno SMART. HP huandika "1720-SMART Hard Drive detects imminent failure". Diski hujifuatilia yenyewe, na hapo inakuaga. Usiweke Windows upya. Usifomati. Usisubiri Jumamosi. Azima diski ya nje au flashi kubwa, anza kunakili, na uanze na vile visivyo na nakala kwingine: kazi za watu, picha, mradi wa shule. Muziki na filamu utazipata tena. Ukimaliza ndipo uulize bei ya diski mpya.

Mimi nilikuwa na wiki mbili za kufanya hivyo.

Mwanafunzi yule alikuwa na nakala ya zamani kwenye flashi, ya wiki tatu nyuma. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Tuliketi naye Ijumaa kwenye mashine ya jirani tukiandika upya majedwali, yeye akisoma kutoka karatasi alizokuwa amechapisha, mimi nikibofya, hadi saa nne usiku. Shangazi hakumtoza hata shilingi.