Sahani ya mchana Dar es Salaam: unalipa kiasi gani, na nani anapokea

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayekula nje mchana ana njia nne: mamalishe, mgahawa wenye meza na risiti, duka la kuku na chipsi la kampuni ya kimataifa, au kuagiza kwa programu ya simu aletewe na bodaboda. Wengi wetu huzipima kwa bei ya sahani peke yake, na bei hiyo haisemi kila kitu.

Tuchukue wali maharage na mboga za majani kwa mamalishe, shilingi 3,000. Humo hamna VAT, kwa sababu sheria inawataka kujisajili wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 200 kwa mwaka, na mamalishe yuko mbali sana na kiwango hicho. Mgahawani, tuseme sahani ni 11,800. Hapo 1,800 ni VAT ya asilimia 18, na 10,000 iliyobaki inagawanywa kati ya pango, umeme, mishahara na chakula chenyewe. Ukila siku 22 za kazi, kwa mamalishe utatumia 66,000, mgahawani 259,600. Tofauti ni 193,600 kwa mwezi, fedha inayotosha kodi ya chumba uswahilini na chenji ikabaki.

Je, tofauti hiyo inakununulia wali bora zaidi? Mara nyingi hapana. Mchele kwa kawaida ni wa Kyela, Mbarali au Morogoro pande zote mbili, na maharage mengi yametoka nyanda za juu kusini. Mamalishe anaamka alfajiri, anapitia sokoni Ilala au Mabibo, samaki anawafuata Feri, anapika na kuuza siku hiyohiyo. Sufuria ikiisha, imeisha. Unachoongeza mgahawani ni kiti, feni, choo na utulivu wa kuzungumza. Ni vitu halali kulipia ukiwa na mgeni au kikao, lakini si lazima uvilipie kila siku.

Duka la kampuni ya kimataifa lina ladha isiyobadilika na watoto hulipenda. Swali ni fedha inakwenda wapi. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zikachelewa, ilhali Nyandarua, kaunti inayosifika kwa viazi, iko hapohapo nchini. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki. Chipsi mayai ya kibandani kwako mara nyingi hukaangwa kwa viazi vya Njombe au Mbeya, kwa hiyo fedha yako inapita kwa mkaangaji, dalali na mwenye lori hadi ifike kwa mkulima. Hata wakipunjana njiani, wote wako hapa.

Kuagiza kwa programu ya simu ndiyo njia ghali kuliko watu wanavyodhani. Nauli ya bodaboda unaiona, lakini kamisheni huioni. Katika biashara hii duniani, kampuni ya programu hukata mgahawa kwa kawaida asilimia 15 hadi 30 ya mauzo. Katika kila 10,000, mpishi anaweza kubaki na 7,000 kabla hajanunua hata mafuta. Mwenye mgahawa mdogo ama anapandisha bei, ama anapunguza nyama. Ukipenda chakula cha mtu fulani, chukua namba yake, mpigie moja kwa moja, lipa kwa simu, kisha mtume bodaboda wa kijiweni kwenu. Wewe utalipa bei ileile au pungufu, naye atapata yote.

Kwa vinywaji, soda ileile ya kiwandani inaweza kuuzwa hotelini kwa bei mara mbili au zaidi ya kibandani. Juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele yako na limau na tangawizi, au ukwaju wa mama wa jirani, ina thamani zaidi kwa fedha yako, ilimradi umeridhika na maji na barafu aliyotumia.

Usafi tusiufunike kwa huruma. Chagua mamalishe ambaye chakula chake kinafuka moshi, maji ya kunawa yanatiririka, na vyombo havioshwi katika beseni moja tangu asubuhi. Kachumbari iliyokaa wazi iache. Na kama ofisi itakurudishia fedha kwa risiti ya mashine ya kodi (EFD) tu, nenda mgahawani, ila utafute ule wa mwenyeji anayesimamia jiko lake mwenyewe.

Kwa hesabu hizi, chakula cha kila siku kiwe kwa mamalishe msafi aliye karibu nawe, cha wageni kwenye mgahawa wa mtaani, na programu ya simu ibaki kwa siku ya mvua au ugonjwa. Lakini unafuu huo unadumu ukilipa papo hapo. Mtaji wa mamalishe ni mauzo ya jana, na sahani inayoandikwa daftarini ni mchele ambao kesho hataununua. Kama jina lako limo kwenye daftari lake, kamlipe wiki hii.