Kiwiko cha Tenisi kwa Asiyeshika Raketi

Fundi lipu anaweza kushinda na mwiko mkononi tangu asubuhi, kisha usiku akashindwa kuinua chupa ya chai. Akilalamika ataambiwa ni baridi yabisi, achue kwa dawa ya moto na alale. Mara nyingi tatizo lake ni kiwiko cha tenisi, hata kama raketi ameiona kwenye televisheni tu. Wengi wanaougua si wachezaji. Ni mafundi rangi, maseremala, wapishi, na kina mama wanaokamua mashuka kwa mkono, hasa walio kati ya miaka 35 na 55.

Kulitambua tatizo hili, anza na mahali panapouma. Kunja mkono, papasa upande wa nje wa kiwiko. Utagusa kinundu cha mfupa. Hapo ndipo zinapojishikiza kano za misuli inayoinua kiganja na kunyoosha vidole. Misuli hiyo hukaza kila unaposhika kitu kwa nguvu, ndiyo maana vidole vinafanya kazi lakini kinachouma ni kiwiko. Kazi ileile ikirudiwa bila mapumziko, nyuzi za kano huchakaa kuliko zinavyojijenga. Maumivu huanza taratibu, huteremka kuelekea kifundo cha mkono, na nguvu ya kushika hupungua. Kusalimiana kwa mkono, kuzungusha ufunguo, kusonga ugali: vyote vinakuwa adhabu.

Kuna kipimo cha nyumbani ninachokipenda. Simama nyuma ya kiti chepesi, nyosha kiwiko, shika egemeo kiganja kikitazama chini, ukiinue. Kisha inua kitu chenye uzito kama huo kiganja kikitazama juu. Kama mara ya kwanza pale kwenye kinundu panachoma na mara ya pili pana nafuu kubwa, dalili inaelekea huko.

Si kila kiwiko kinachouma ni hiki. Maumivu ya upande wa ndani ni ugonjwa wa kano nyingine. Ganzi ya vidole pamoja na maumivu ya shingo huelekeza kwenye mishipa ya fahamu. Viungo vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa asubuhi, hapo ndipo baridi yabisi inapofikiriwa. Na kiwiko kilichovimba, chenye joto na homa, au kisichonyooka baada ya kuanguka, kipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Eksirei kwa kawaida haionyeshi kitu, kwa hiyo usikimbilie kuilipia kabla hujachunguzwa kwa mikono. Sindano ya steroidi nayo inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaombwa sana. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa waliochomwa walipata nafuu wiki za mwanzo, lakini mwaka ulipoisha hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wasiochomwa dawa hiyo. Kinachosaidia ni kupunguza kazi inayochokoza, kuinua vitu kiganja kikitazama juu, na mazoezi ya kuimarisha kano polepole. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji.

Maumivu yakizidi wiki sita, mwone mtaalamu wa fiziotherapia, na umweleze hasa kazi unayoifanya kwa mkono huo na jinsi unavyoshika kifaa chako. Maelezo hayo yatamsaidia kuliko picha yoyote.