Lugha Nne, Daftari Moja: Mwanafunzi wa Pwani ya Cabo Delgado

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Watoto wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na Kionga karibu na mlango wa mto Ruvuma, hawaoni ugeni katika msemo huo, maana bahari wanaifahamu tangu utotoni. Kinachowashinda wengi wao ni kuingia katika bahari hiyo ya pili pasipo chombo. Na chombo chenyewe ni lugha.

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi mmoja wa darasa la nne, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Hakuna haja ya kumpa jina, kwa kuwa wenzake ni wengi na siku zao hufanana. Baba yake ni askari, na kazi humweka mbali na nyumbani miezi kwa miezi. Mama amebaki na watoto watatu, shamba la muhogo na biashara ndogo ya samaki wakavu. Baba anakijua Kireno, kwa kuwa ndicho lugha ya amri jeshini. Mama hakijui, kwa sababu hakupata nafasi ya kukisoma.

SIKU YA MTOTO

Mtoto huyo huamka kwa adhana ya alfajiri. Akiisha kuswali huenda chuoni, akaketi mkekani pamoja na wenzake na kusoma juzuu yake kwa sauti. Akirudi huchota maji, humwangalia mdogo wake wakati mama yupo shambani, na pengine hutumwa sokoni. Nyumbani husema Kimwani. Sokoni, panapokutana wenyeji, Wamakonde na wafanyabiashara kutoka upande wa Mtwara, huuza na kununua kwa Kiswahili. Chuoni husoma Kiarabu. Baadaye huvaa nguo za shule, hubeba daftari lake, na kwenda darasani kwa zamu ya mchana. Huko mambo yote ni kwa Kireno.

Mwaka wa masomo nchini humo huanza mapema, wakati mvua za kaskazi zingali zikinyesha katika pwani hiyo. Njia hujaa maji, na daftari hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini matope si shida kubwa ya mwanafunzi huyu. Shida yake huanza pale mwalimu anaposimama mbele ya ubao.

Mwalimu huandika, naye hunakili. Mwandiko wake ni mzuri, mistari imenyooka, wala hakuna neno aliloliruka. Mgeni akilifungua daftari hilo atasema kwamba huyu ni mwanafunzi hodari. Aambiwe asome aliyoyaandika, hunyamaza. Akibanwa, hutamka silabi moja moja, kisha hutazama chini. Mwalimu, aliyetoka wilaya nyingine na ambaye pengine hajui Kimwani, hudhani kwamba mtoto ni mkaidi. Mtoto naye hudhani kwamba mwalimu ni mkali. Kila mmoja anajitahidi, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye kikwazo.

HESABU YA SAMAKI

Mfano mdogo watosha kuonyesha jambo hilo. Swali la hesabu limeandikwa ubaoni kwa Kireno: mvuvi alipata samaki 48, akauza 30, amebakiwa na samaki wangapi? Mwanafunzi huona namba mbili katikati ya maneno asiyoyaelewa. Hufanya analolijua: huzijumlisha, akaandika 78. Mwalimu hutia alama ya kosa.

Jioni binamu yake wa sekondari humsomea swali lile lile kwa Kimwani. Kabla hajalimaliza, mtoto hujibu: kumi na wanane. Huyu ndiye mtoto ambaye sokoni hurudisha chenji ya metikali upesi kuliko mama yake. Wala si mgeni wa samaki, kwani amekua akiwahesabu juu ya mchanga. Alichokosa ni neno moja la Kireno lenye maana ya kuuza.

Msumbiji huhesabu alama hadi 20, na 10 ndiyo alama ya kufaulu. Mtoto apatapo 6 au 7 kila mara huanza kuamini kwamba kichwa chake ni kizito. Imani hiyo ndiyo hatari kubwa. Siku moja huenda shule akiwa amechelewa; siku nyingine haendi. Akiwa mvulana hufuata mashua, na akiwa msichana huenda posa ikatangulia cheti. Ndipo watu husema kwamba watoto wa pwani hawapendi shule.

MADAI HAYO SI YA HAKI

Historia inakataa kauli hiyo. Katika karne ya 19 masheikh na watawala wa pwani hiyo waliandikiana barua na wakuu wa Kireno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Maputo. Watu hao walikuwa na kalamu na wino kabla ya shule za serikali kufika kwao.

Mwaka 1940 Ureno ilitia sahihi mkataba na Kanisa Katoliki, na elimu ya Waafrika wengi katika makoloni yake ikawekwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu wa pwani waliogopa kwamba mtoto aliyepelekwa shule angerudi na dini nyingine, hivyo wakabaki na vyuo vyao. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, watu wapatao 93 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika.

Wapiganaji wa ukombozi walikwisha kulitambua pengo hilo. Vita vilipoanza Chai, katika Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, shule zilifunguliwa chini ya miti katika maeneo yaliyokombolewa, na vijana wengine walisoma Tanzania, mjini Dar es Salaam, Tunduru na Bagamoyo. Kireno kilichaguliwa kuwa lugha ya umoja, ili Mmakonde, Mmakuwa, Mmwani na Mshangana waelewane. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, na hata leo askari wa kaskazini na wa kusini huelewana kwa lugha hiyo. Hata hivyo, lugha ya kuunganisha watu wazima si lazima iwe ndiyo lugha ya kwanza ya kumfundishia mtoto kusoma.

Takwimu zinashuhudia. Sensa ya 2017 ilionyesha kwamba kiasi cha mtu mmoja tu katika kila sita nchini Msumbiji ndiye aliyekuwa na Kireno kama lugha yake ya kwanza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 uliwapima watoto wa darasa la tatu, na ukakuta kwamba hawakufika 5 katika kila 100 waliokuwa na uwezo wa kusoma unaotakiwa kwa darasa hilo. Mtoto wa pwani hayuko peke yake katika taabu hii.

Serikali ya Msumbiji yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili. Mtaala mpya ulioanza miaka ya 2003 na 2004 uliruhusu elimu ya lugha mbili, na Kimwani ni miongoni mwa lugha zilizokubaliwa. Katika mpango huo mtoto huanza kusoma kwa lugha ya nyumbani huku akijifunza kuzungumza Kireno, kisha huvuka polepole kuingia katika Kireno kuanzia darasa la nne. Mpango ni mwema, lakini hauna nguvu pasipo vitabu na walimu waliofunzwa, na si kila shule inao.

VITA NA MIAKA ILIYOPOTEA

Juu ya mzigo huo ukaja mwingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Mji huo ulitekwa na waasi Agosti 2020, na ulikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Kikosi cha nchi za SADC, pamoja na askari wa Tanzania, kilikuwako kuanzia Julai 2021 hadi 2024. Katika miaka hiyo mamia ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao, na shule nyingi zilichomwa au kufungwa.

Mtoto aliyekimbilia Pemba alikuta darasa lililojaa, na wenzake wakisema Kimakuwa. Aliyerudi kwao alijikuta ana miaka kumi na mitatu, ameketi pamoja na wa miaka tisa. Kumwambia mtoto huyo kwamba ni mzembe ni kumwonea. Vita hivyo vina sababu nyingi, na si haki kuvitwika shule peke yake. Lakini kijana aliyeacha masomo kwa aibu, asiye na kazi wala cheti, ni rahisi kudanganywa na mwenye ahadi tamu. Mlinzi wa amani ana sababu yake ya kulijali daftari la mtoto.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

Wazazi wasiojua Kireno wasijione kuwa hawana la kufanya. Kwanza, mtoto asimuliwe hadithi kwa lugha ya nyumbani, naye atakiwe kuirudia kwa mpango: nani alifanya nini, wapi, na kwa nini. Ajuaye kupanga fikra kwa Kimwani atakuwa na cha kusema siku atakapopata maneno ya Kireno.

Pili, aonyeshwe kwamba Kireno si kigeni kabisa. Meza ya Waswahili ni mesa ya Wareno. Bendera ni bandeira. Leso ni lenço. Nanasi ni ananás. Waarabu nao waliwaachia Wareno maneno kama walivyowaachia watu wa pwani: sukari kwa Kireno ni açúcar. Mtoto akiyakusanya maneno ishirini ya namna hiyo katika ukurasa mmoja, woga hupungua.

Tatu, mama na aende shuleni amwone mwalimu, hata kama atahitaji mkalimani. Mwalimu akijua kwamba mtoto anaijua hesabu ila hajalielewa swali, atamwuliza kwa njia nyingine. Mwalimu wa chuo naye ashauriwe kuhusu saa za masomo, ili mtoto asifike darasani akiwa amechoka.

Jambo hili halihusu Msumbiji peke yake. Ng'ambo ya Ruvuma, mtoto wa Mtwara husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza, na wazazi wengi wa Tanzania wamekwisha kuliona daftari safi lisilosomeka. Watoto wa askari na polisi huhamishwa pamoja na vituo vya baba zao, hivyo huanza upya mara nyingi kuliko wengine.

Baba yule askari, apatapo nafasi ya kupiga simu nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni hili: umepata alama ngapi? Mtoto hutaja 7, kisha kimya kikafuata pande zote mbili. Yafaa siku nyingine aseme: nisomee swali mojawapo la leo. Atalisikia likisomwa kwa kusitasita; atamweleza neno lililomtatiza; na mtoto, akiisha kulielewa, atalitafuta jibu mwenyewe. Dakika kumi za namna hiyo, mara mbili kwa juma, zaweza kumrudisha darasani mtoto aliyekwisha kukata tamaa.