Mwanao anataka samaki wa baharini sebuleni? Anza na ndoo na Luku

BINTI yangu ana miaka tisa. Mwaka huu tulikwenda Tanga mjini kumjulia hali bibi yake, tukapita kwenye hoteli moja kunywa soda. Pale mapokezi kulikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. "Baba, Nemo!" alipiga kelele mpaka mhudumu akacheka. Tangu siku hiyo, kila jioni hapa Korogwe swali lilikuwa moja: na sisi tutaweka lini?

Mwezi uliofuata nilikuwa Dar es Salaam kikazi. Nikaingia kwenye duka moja la samaki wa mapambo, nikatoka na tangi la lita 60, kichujio, paketi ya chumvi ya bahari na samaki watatu kwenye mfuko uliojazwa hewa. Vyote siku moja. Nikapanda basi la usiku, mfuko mapajani kama nimebeba mtoto mchanga.

Wa kwanza alikufa siku ya pili. Wa mwisho alikufa siku ya nne, asubuhi, kabla ya shule. Binti hakunywa chai. Aliniuliza kwa sauti ndogo: "Baba, ni mimi niliwalisha sana?"

Nilimwambia si yeye. Lakini ukweli ni kwamba wakati huo sikujua ni nani. Ilinichukua wiki kadhaa za kusoma na kuulizauliza ndipo nikaelewa kwamba wale samaki walikuwa wameshakufa tangu dukani, pale nilipolipa hela.

Sababu ni hii. Samaki anapumua, anakula na kujisaidia kwenye maji yale yale. Uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baharini hiyo si shida, maji ni mengi. Kwenye tangi wanaoiondoa ni bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huishi kwenye mawe, mchanga na sponji ya kichujio, na kwenye tangi jipya hawapo wa kutosha. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka. Katika muda huo unawasha kichujio, unatumbukiza kipande kidogo cha samaki mbichi kioze humo kiwe chakula chao, na unapima maji. Siku vipimo vitakapoonyesha amonia sifuri na naitraiti sifuri, ndiyo siku ya kwenda kununua samaki.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiingia dukani swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: "Nikichukua tangi leo, samaki nije kuwachukua lini?" Akikujibu "leo leo, hamna shida", mshukuru na uondoke. Muuzaji anayekataa hela yako ya samaki kwa mwezi mzima ndiye wa kushika namba yake ya simu.

Swali la pili: mwombe awalishe samaki unaowataka, wewe ukitazama. Samaki asiyekula dukani hataanza kula kwako. Angalia pia matangi ya jirani. Ukiona maiti imelala chini na hakuna anayejali, maji ya duka zima yanaweza kuwa yanazunguka pamoja. La tatu, muulize kama anauza vipimo vya maji na yeye mwenyewe hutumia vipi. Wengi watakuambia maji unayatazama kwa macho tu. Amonia haina rangi.

Na kila kifaa cha umeme kiwashwe mbele yako, kwenye maji. Soma kibandiko: umeme wetu ni volti 230. Kuna pampu zinazoagizwa mtandaoni zimetengenezwa kwa volti 110 za Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja hupati nafasi ya pili. Uliza kama rota ya pampu inauzwa peke yake, maana ndiyo huchakaa.

Ndoo ngapi kwa wiki?

Sasa tuje kwenye matumbawe yenyewe, kwa sababu binti hakutaka samaki tu. Alitaka "maua yanayocheza". Hayo maua ni wanyama, na ndio wadekaji kuliko samaki.

Tukapiga hesabu pamoja, yeye akiwa na daftari la Hisabati. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 huchukua kama lita 180. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo kujaza mara ya kwanza ni zaidi ya kilo sita za chumvi. Si chumvi ya jikoni. Chumvi ya tangi ina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo tumbawe hujengea mifupa yake; ya jikoni ni chumvi na madini joto basi. Kila wiki unabadilisha maji asilimia kumi, yaani lita 18. Juu ya hapo maji hupungua kwa joto, tuseme lita mbili kwa siku. Yanayopotea ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi. Ukijazia ya chumvi, baada ya mwezi umepika brini.

Jumla ni lita 32 za maji safi kwa wiki. Si mengi, mpaka usikie "safi" maana yake nini. Maji ya bomba yana klorini na madini ambayo matumbawe hayapendi, na maji ya mvua kutoka kwenye bati hubeba zinki. Wafugaji wa matumbawe hutumia mtambo wa kuchuja wenye utando mwembamba sana, na mtambo huo mdogo wa nyumbani humwaga lita tatu au zaidi ili upate moja. Lita 32 zikawa 128. Ndoo sita na zaidi kila wiki.

Nilimpigia shemeji yangu anayeishi Chanika, Handeni, ambaye naye alikuwa anapanga tangi kama hilo kwa ajili ya wanawe. Alicheka kwa muda mrefu. "Shemeji, hapa nikimwaga ndoo tano ili nipate mbili, dada yako atanirudisha kwetu." Anayeijua Handeni anaelewa. Sehemu ya maji ya bomba huko hutoka Mto Pangani, yakichukuliwa upande wetu wa Korogwe na kupandishwa kwa pampu, na siku yasipofika, dumu lina bei yake. Nitasema kwa haki kwamba yale yanayomwagwa na mtambo si machafu. Unafulia, unamwagilia mchicha. Lakini lazima uwe na bomba lenye msukumo wa kutosha kwanza.

Kuna anayeuliza: kwa nini usichote bahari yenyewe? Kutoka Korogwe hadi Tanga ni kama kilomita 100. Inawezekana, na mtu wa Tanga mjini anaweza kufanya hivyo vizuri, akichota mbali na bandari na midomo ya mito, maji yakiwa yamejaa, na si baada ya mvua. Kwa sisi wa bara, ndoo tisa za lita 20 ni kilo 180 na zaidi za mzigo, na wiki ijayo unahitaji nyingine.

Umeme usiolala

Pampu na kichuja povu havizimwi usiku. Vifaa vya wati 100 vikiwaka saa 24 hula uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Kumbuka uniti 75 kwa mwezi ndicho kikomo cha mteja mdogo wa nyumbani anayepata bei nafuu. Tangi peke yake limekula karibu zote, na hapo sijahesabu taa, ambayo kwa matumbawe lazima iwe kali, saa nane hadi kumi kwa siku. Friji na pasi je?

Umeme ukikatika, hewa kwenye maji huanza kupungua na samaki hupanda juu kuhema. Kwa hiyo kabla ya taa nzuri nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na maduka mengi hayakutajii. Kama kichujio chako ni cha kopo lililofungwa na umeme umekatika kwa saa nyingi, usikiwashe tu ukirudi. Kilichomo ndani kimeshaoza. Kifungue, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Halafu joto. Matumbawe hupenda nyuzi 24 hadi 27 hivi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya ukanda wetu, Tanzania ikiwemo, yalipauka na mengi yakafa. Hiyo ni bahari nzima. Sasa fikiria tangi la lita 180 chini ya bati, Korogwe, Februari saa tisa alasiri. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa, na hukausha maji zaidi, kwa hiyo rudi kwenye ndoo. Mashine ya kupooza ipo, bei yake na umeme wake ndivyo vitakavyokupa usingizi wa mang'amung'amu.

Kioo, fundi na mtoto mdogo

Hapa usibane hela hata kidogo. Mafundi wetu wa aluminiamu ni hodari, lakini kioo walichozoea ni cha dirisha, milimita tano au sita. Kwa kina cha sentimita 45 dai milimita 10. Gundi iwe silikoni tupu. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Lijaze maji, liache nje wiki nzima kabla halijaingia sebuleni.

Tangi hilo likiwa na mawe linavuka kilo 200. Meza ya televisheni haifai. Stendi iwe ya mbao ngumu au chuma, kwenye sakafu iliyonyooka, mahali ambapo mtoto anayejifunza kusimama hawezi kujivuta nalo. Nyaya zilegezwe zishuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo zipande, ili tone la maji lianguke sakafuni na lisiufuate waya mpaka kwenye soketi. Na mkono wa mtoto usiingie majini kabla ya kuchomoa plagi. Sheria hii nyumbani kwangu haina mjadala.

Ukiona bado unaweza, basi nunua wanyama waliozalishwa kwenye matangi. Samaki wa aina ya Nemo huzalishwa hivyo kwa wingi. Muulize muuzaji ametoka wapi, na akujibu. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Usimtume kijana wa Kigombe akuvunjie kipande. Pwani ile iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, na miamba hiyo ilishateseka vya kutosha na baruti za wavuvi haramu.

Sisi tulifunga daftari. Binti ndiye aliyesema, "Baba, maji ni mengi sana." Tumebaki na tangi letu la lita 60, tukamwaga chumvi, tukaanza upya na maji baridi. Maji ya bomba tunayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima klorini iondoke. Nilidhani atanuna, lakini nilimwonyesha kwamba Wajerumani na Wamarekani hulipa fedha nzuri kufuga samaki wa maziwa yetu. Mbuna wa Ziwa Nyasa wana bluu na njano zisizopitwa sana na za baharini, japo wanahitaji tangi kubwa. Wako wengine wadogo wa Ziwa Tanganyika, hawafiki hata urefu wa kidole, wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Shemeji ameamua kuwatafuta hao, kwa sababu wanapenda maji magumu, na birika lake kule Handeni linaota ukoko mweupe kila mwezi.

Binti aliuliza kama kuna samaki wa kwetu. Yupo: perege wa Mto Pangani aitwaye kisayansi Oreochromis korogwe, aliyeelezwa mwaka 1955 na mtafiti Rosemary Lowe. Alifurahi kupita kiasi kuona jina la mji wake. Huyo hafai kwa lita 60, hukua na huchimba mchanga. Ila tumekubaliana jambo moja: hatutamwaga samaki wa dukani mtoni hata tukichoka nao. Pangani tayari ina perege wa kuletwa wanaowabana wenyeji.

Leo ni wiki ya tano. Jana jioni binti alitikisa kichupa cha kipimo, akahesabu dakika tano kwa saa ya simu yangu, akakilinganisha na karatasi ya rangi. Njano. Amonia sifuri. Naitraiti bado ina zambarau kidogo, kwa hiyo gapi sita tuliowawekea oda wanasubiri Jumamosi nyingine.