Barua za wajuzi wa mimea

Mti wa mawese, wewe wauita ngazi. Ukishuka na mto utasikia watu wauita mbila, na kwa Wakongo wa Mto-chini jina lake ni ba. Lakini katika vitabu una jina moja tu, Elaeis guineensis, na mjuzi wa mimea wa inchi yo yote akilisoma ajua ni mti gani. Majina ya namna hii yalianza na Bwana Linnaeus wa Sweden, mwaka wa 1753. Mtu mmoja hakuweza kuona mimea yote ya dunia, basi wale waliofuata walisaidiana kwa barua.

Mwanzo wa miaka ya 1800, picha za mashini hazikuwako bado, wala simu. Mjuzi akiona mmea mgeni alikata tawi lenye majani na maua, akalitandaza katikati ya karatasi, akaweka kitu kizito juu yake. Karatasi zikilowa alizibadili, maana mmea usiokauka upesi huoza. Halafu alifunga namba juu ya tawi, na namba ile ile aliiandika katika barua, pamoja na habari zake: mahali ulipoota, udongo wake, urefu wa mti, rangi ya maua. Rangi hupotea mmea ukikauka. Asipoiandika siku ile, hakuna atakayeijua. Tawi moja alipeleka kwa rafiki, la pili lenye namba ile ile alilishika mwenyewe. Hivi rafiki aliweza kujibu: namba 12 ni mmea fulani, namba 13 sijaiona bado.

Nawe ukipeleka jani lenye ugonjwa kwa agronomo, fanya vile vile. Jani tupu, bila jina la shamba na bila siku, halimwambii neno kubwa.

Posta ilikuwa ya bei kali. Katika Uingereza, mpaka mwaka wa 1840, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na bei ilihesabiwa kwa karatasi na kwa mwendo. Kwa hiyo waliandika maneno mengi, herufi ndogo, juu ya karatasi moja. Tena merikebu zilikawia miezi mingi. Mtu aliweza kufa kabla ya jibu kufika.

Sasa sikia habari ya mto wetu. Mwaka wa 1816 Waingereza walituma Kapitani Tuckey kupanda Mto Kongo. Bwana Joseph Banks wa London, aliyeandikiana na wajuzi wa inchi nyingi, alimchagua Christen Smith, mtu wa Norway, awe mjuzi wa mimea katika safari hiyo. Walipita Boma, wakafika maporomoko ya Yellala, karibu na mahali palipo Matadi leo. Smith alikusanya mimea na kuandika kila siku katika daftari yake. Homa ikawashika. Smith alikufa mwezi wa 9, hajatimiza miaka 31. Tuckey akafa mwezi wa 10, na wenzao wengi vile vile. David Lockhart, mtunza bustani wa Kew, aliyemsaidia Smith, aliokoka.

Mimea ilifika London, zaidi ya namna 600. Mwenyewe hakuwako kuulizwa. Lakini daftari yake ilikuwako, na Lockhart aliweza kueleza alivyoona. Robert Brown, mtunza vitabu wa Banks, alichungua mimea ile na kutoa maandiko yake mwaka wa 1818. Hakutazama miti ya pori tu, bali vyakula pia: akaandika kwamba mahindi, muhogo na nanasi vilitoka Amerika. Waliovilima kando ya mto walivipata kwa babu zao.

Mimea ile haikukaa London tu. Mmoja wao ulichunguliwa na Bwana de Candolle wa Geneva, ambaye hakufika Kongo kamwe. Aliona ni wa namna isiyoandikwa bado, na mwaka wa 1824 akauita Christiana africana, kwa jina la Christen Smith. Mti huo waota katika Afrika, na ng'ambo ya bahari pia, katika Amerika ya Kusini.