Kuhara kunakorudi: majaribio ya tiba yametufundisha nini?

Dawa za antibiotiki zimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini dawa hizo hizo zaweza kufungua mlango kwa ugonjwa mwingine, yaani kuhara kukali kunakosababishwa na bakteria aitwaye klostridiamu difisile. Mgonjwa hutibiwa na kupata nafuu, kisha baada ya wiki chache kuhara huanza upya. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudiwa na ugonjwa huu, na wengine huugua mara tatu, nne au zaidi. Nchini Marekani pekee, mwaka 2011 watu wapatao 453,000 waliugua. Kati yao, kama 29,000 walifariki ndani ya siku 30 baada ya kugunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Wazee na wagonjwa waliolazwa hospitalini ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Kwa nini ugonjwa hurudi?

Katika utumbo mnene wa mtu mwenye afya wanaishi bakteria wengi wasio na madhara. Wao ni kama mazao yaliyostawi shambani, ambayo huyanyima magugu nafasi ya kuota. Antibiotiki haichagui vizuri: huua bakteria mbaya, na wazuri pia. Shamba likibaki tupu, difisile huongezeka na kutoa sumu inayoumiza utumbo.

Bakteria huyu pia hujifunika gamba gumu na kulala bila kufa. Dawa ikiisha, huamka. Hivyo antibiotiki inayotumiwa kumtibu mgonjwa yaweza pia kuchelewesha kurudi kwa bakteria wazuri.

Wazo la zamani lililosubiri ushahidi

Mwaka 1958 daktari Ben Eiseman na wenzake mjini Denver, Marekani, waliwatibu wagonjwa 4 wenye kuvimba vibaya utumbo kwa kuwaingizia kinyesi cha watu wenye afya. Walipona. Lakini wagonjwa wanne ni wachache mno. Huenda wangepona hata bila tiba hiyo. Ili kujua ukweli, linahitajika jaribio la tiba lenye utaratibu. Jaribio zuri hufuata kanuni hizi:

• Mgonjwa hueleweshwa faida na hatari, kisha huamua kwa hiari yake. Anaweza kujitoa wakati wowote.
• Wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa kura, ili daktari asipendelee mtu.
• Kundi moja hupata tiba mpya, na lingine hupata tiba iliyozoeleka au kidonge kisicho na dawa.
• Kamati ya maadili hukagua mpango kabla ya kazi kuanza.

Jaribio la namna hiyo lilifanyika Amsterdam, Uholanzi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa wote walikuwa wamekwisha kurudiwa na ugonjwa. Kundi la kwanza lilipewa antibiotiki ya vankomaisini kwa siku chache na kusafishwa utumbo. Kisha waliingiziwa kinyesi cha mtu mwenye afya kilichochanganywa na maji ya chumvi, kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Kati ya wagonjwa 16 wa kundi hilo, 13 walipona baada ya mara moja, na wengine 2 baada ya mara ya pili. Katika kundi lililopewa vankomaisini peke yake, walipona 4 tu kati ya 13.

Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema. Wagonjwa wa makundi mengine waliorudiwa na ugonjwa walipewa nao tiba hiyo mpya.

Hatua zilizofuata

Watafiti walitaka njia rahisi na salama zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilitumia vidonge vyenye bakteria wazuri waliotolewa katika kinyesi na kusafishwa. Katika wiki 8, ugonjwa uliwarudia asilimia 12 ya waliopewa vidonge hivyo, na asilimia 40 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Marekani iliidhinisha vidonge hivyo mwaka 2023.

Hata hivyo, si kila wazo zuri hufaulu. Nchini Uingereza, wagonjwa karibu 3,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walishiriki jaribio la vidonge vya bakteria wa aina ile inayouzwa madukani. Matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha kwamba vidonge hivyo huzuia ugonjwa. Chanjo ya kampuni ya Pfizer ilijaribiwa kwa watu wapatao 17,500, na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba haikufikia lengo lake kuu la kuzuia maambukizi. Matokeo kama haya nayo ni msaada kwetu. Yanatuzuia kutumia fedha kidogo tulizo nazo kwa kitu kisichofaa.

Onyo: Usijaribu tiba ya kinyesi nyumbani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba mgonjwa mmoja alifariki baada ya kupokea kinyesi chenye bakteria sugu ambacho hakikuwa kimepimwa kwa bakteria hao.

Tufanye nini katika jamii zetu?

Vituo vingi vidogo vya afya havina kipimo cha difisile. Lakini kinga haihitaji mashine.

• Usinunue antibiotiki dukani kwa mafua au kuhara kwa kawaida bila ushauri wa mhudumu wa afya. Ukiandikiwa, fuata maelekezo.
• Mtu akiharisha mara tatu au zaidi kwa siku wakati wa kutumia antibiotiki, au wiki kadhaa baadaye, mpe maji ya ORS na umpeleke kituoni. Mwambie mhudumu ni dawa gani alitumia.
• Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya mikono yenye spiriti haiui bakteria aliyejifunika gamba.
• Safisha choo na kitanda cha mgonjwa kwa maji ya klorini.

Tunapowatunza wagonjwa kwa upendo, tuwatunze pia kwa maarifa. Upendo usio na maarifa waweza kumpa jirani dawa itakayomdhuru.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, watu hununua antibiotiki kwa sababu gani? Nani huwashauri?
2. Mtafiti akija kutuomba tushiriki jaribio la tiba, tungemuuliza maswali gani?
3. Je, zahanati na makanisa yetu yana sabuni na maji ya kunawa?